Kidole Gumba cha Mwenyekiti

Jumanne, 6 Mei 2025

Oda mpya. Nguo kumi na mbili za judo, kitambaa kizito cha marekani, mshono mara tatu begani na kwapani. Aliyeagiza ni Mwalimu Rebeka, anafundisha michezo shule ya huku kwetu Butimba. Mfupi, mnene, shingo haionekani. Nimemwambia ajilegeze nimpime, akasema amejilegeza. Mabega ya namna ile sijawahi kuyapitishia futi.

Judo alijifunza zamani jeshini. Sasa ana darasa la wanawake, Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, ukumbini pale shuleni. Kujilinda tu, anasema, si mashindano. Nikauliza mshono mara tatu wa nini. Akanishika kola akaivuta – taratibu, lakini visigino vyangu viliacha sakafu. Kwa sababu ya hii, akasema. Nikacheka.

Halafu akapita Mzee Revocatus kusalimia. Nikaacha futi, nikatoka mlangoni, nikapiga goti, nikatoa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama mama alivyonifundisha kule Muleba. Shikamoo. Marahaba, binti yangu. Na mkono hakuuachia. Akauliza kazi, akauliza afya, akauliza mwanangu Queen anarudi lini likizo, mkono bado uko kwake, kidole gumba kinatembea ndani ya kiganja changu. Mwalimu alikuwa anatutazama. Sikujua niyaweke wapi macho.

Alipoondoka, Mwalimu alisema nguo ziwe kumi na tatu. Nikauliza hiyo ya kumi na tatu ni ya nani, nahitaji vipimo.

"Vipimo unavyo," akasema.

Alhamisi, 8 Mei 2025

Nguo nne zimeisha. Sindano mbili zimekatika.

Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo. Mbele viuno vya watu, nyuma mambo yangu. Hakuna anayefungua huku.

Niandike basi, maana nimechoka kuyabeba. Mzee Revocatus ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikatoliki. Deodatus wangu alipofariki, mwaka wa tatu sasa, yeye ndiye aliyesimamia kila kitu: gari la kumsafirisha Muleba, chakula cha waombolezaji, sala zote. Makaburini alilia kuliko ndugu wa marehemu. Kwa hiyo alipoanza kunishika mkono muda mrefu nilisema ni huruma. Mwaka mzima nikaita huruma. Mwezi wa tatu mwaka huu alikuja nyumbani na tangazo la jumuiya, nikapiga goti nimsalimie, akanivuta kwa mkono uleule niliompa mpaka kifuani kwake. Ananuka dawa ya kikohozi. Nikasema, Baba, chai inachemka. Chai! Hata jiko sikuwa nimewasha. Akacheka, akaniachia, akaniambia nisiwe mwoga, yeye ni mzazi wangu.

Sasa ni mwezi wa Maria. Kila jioni rozari nyumba moja, sanamu inahama, nyumba hadi nyumba. Ratiba imesomwa jana. Tarehe thelathini na moja, kufunga mwezi: kwa Mama Queen. Na mwenyekiti, kama kawaida yake, anatangulia saa mbili nzima kabla ya watu, kukagua maandalizi. Wamenipigia makofi. Kufungia kwako ni heshima kubwa. Nimetabasamu mpaka mashavu yameuma.

Leo saa kumi nimefunga fremu yangu ya kushonea, nikaenda ukumbini na nguo nne begani. Nikajiambia napeleka mzigo tu. Nimebaki mpaka mwisho. Pamoja nami tuko wanafunzi kumi na wawili, na wa kwanza kumwona ni nani? Modesta! Katibu wa jumuiya yetu, yule mpole anayeandika kumbukumbu za vikao, sauti yake hata paka haimshtui. Tumetazamana kama watu waliokutana kilabuni wakati wa Kwaresima. Hakuna aliyemwuliza mwenzake amefuata nini.

Somo lilikuwa kuanguka. Kidevu kifuani, piga godoro kwa mkono, usitangulize kiwiko. Nimeanguka mara ishirini. Makalio yanawaka moto.

Jumanne, 13 Mei 2025

Mkono. Mwalimu anasema mtu akikukamata usishindane na vidole vinne, utashindwa. Tafuta kidole gumba. Kiwiko kibaki mbavuni, geuza mkono upande wa gumba, na uondoke na mwili wote, si mkono peke yake.

Wenzangu wamehangaika. Mimi nimeelewa mara moja, maana huo ni mshono tu. Kila nguo ina mahali inapoanzia kuachia, na fundi anapaona kabla haijavaliwa. Mwalimu amenikamata mara kumi, nimetoka mara saba. Kifundo cha mkono kimevimba na nina furaha ya kijinga! Njiani nilikuwa najikamata mwenyewe na kujitoa. Muuza mchele amenitazama kwa huruma.

Nimeuliza swali. Ukishatoka unafanya nini? Unakimbia, amesema Mwalimu, unakwenda nyumbani. Na kama uko nyumbani tayari? Mwalimu akajibu kwamba kama uko nyumbani basi una bahati moja: wewe ndiye unayechagua mahali pa kusimama kabla yeye hajafika. Mlango wazi. Dirisha wazi. Mgongo usiwe ukutani. Na sauti. Akasema sauti ni Alhamisi.

Alhamisi, 15 Mei 2025

Sauti. Aibu tupu.

Kila mmoja anasimama katikati, anapaza sauti: Niachie! Neno moja, si hesabu. Mmoja amesema naomba uniachie. Mwingine ameanza na samahani. Mimi nikasema niachie baba, kwa sauti ya kuagiza chumvi. Mwalimu akauliza huyo baba ametoka wapi, kwani naomba ruhusa? Anataka tutaje jina la mtu. Anayesikia nje ajue nani anamfanya nani nini. Nikarudia mara tano. Ya tano ilifika dirishani, haikutoka.

Modesta alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akaomba kwenda kunywa maji. Hakurudi.

Jumapili, 18 Mei 2025

Nimejichukia leo.

Baada ya Misa, nje, watu wote wamesimama wanasalimiana. Akaja. Goti likaenda lenyewe. Mkono ukaenda wenyewe. Akaushika, akaanza kuwaeleza watu habari za kufunga mwezi, jinsi Mama Queen alivyo mfano wa wajane, na kidole gumba kikaanza safari yake mbele ya kanisa. Na mimi najua! Najua gumba liko wapi, najua upande wa kugeuza, najua kiwiko kikae wapi. Nimesimama pale nimeinama nusu, natabasamu, nahesabu vifungo vya shati lake. Vitano. Cha tatu kimeshonewa uzi wa rangi nyingine.

Mara saba kati ya kumi, kwenye godoro. Hapa sifuri.

Akaninong'oneza kwamba tarehe thelathini na moja tutaongea vizuri, tukiwa wawili, kabla ya watu. Nikaitikia ndiyo baba. Nimeandika hivyo ili nisijidanganye kesho: nimeitikia ndiyo baba.

Jumanne, 20 Mei 2025

Darasani sikwenda. Mwalimu Rebeka amekuja mwenyewe fremuni kuuliza nguo zilizobaki, lakini alikaa kwenye benchi na hakuziulizia tena. Nimemweleza. Yote, hadi ya chai. Sikulia. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano na haukuingia.

Hakusema pole. Ameniambia nimwonyeshe ninavyosalimia wazee. Nikamwonyesha. Akasema tena. Nikarudia. Akatazama miguu yangu kama mtu anayechagua kuku sokoni, akasema Alhamisi nisikose.

Alhamisi, 22 Mei 2025

Leo niandike polepole.

Mwalimu ametupanga nje ya ukumbi, anaita mmoja mmoja. Ametwambia ndani kuna adui, atajaribu kutukamata, kazi yetu ni asitukamate. Zamu yangu nikaingia nimejipanga: mguu mmoja nyuma, mikono mbele ya kifua, macho makali. Ndani namkuta Mzee Shigela, mlinzi wa mchana wa shule, miaka sabini na ushee, kofia ameivua. Akasema hujambo mama. Na mimi – goti chini, mkono mbele, shikamoo mzee. Akaukamata. Kwisha habari.

Nikapelekwa kukaa ukutani na waliotangulia, tukawatazama wanaofuata. Kila mmoja! Yule mwalimu wa chekechea aliyejigamba kwamba yeye haogopi mtu: goti, mkono. Yule binti wa saluni mwenye kucha ndefu: goti, mkono, na kichwa kaelekeza chini. Tulicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha chenyewe. Wanawake kumi na mmoja wamempa adui mkono kwa hiari yao kwa sababu ana mvi.

Wa mwisho Modesta. Alisimama mbali, hatua tatu, mikono nyuma ya mgongo, akainama kidogo. Shikamoo mzee. Mzee Shigela akasogea, Modesta akarudi nyuma kiasi kilekile. Akasogea tena, akarudi tena. Hakukamatwa. Mwalimu akamsifu, akamwuliza amejifunzia wapi. Mimi kutoka ukutani nilikuwa naiona mikono yake kwa nyuma. Wa kushoto umekishika kifundo cha wa kulia na kukibana kabisa. Nikakumbuka kwamba jumuiyani ndivyo anavyosimama kila siku mwenyekiti akipita. Miaka yote nilidhani ni unyenyekevu.

Nilitegemea Mwalimu atatukataza kupiga goti. Hakukataza.

"Wanaume nawafundisha mwezi mzima kushuka chini, hawawezi," amesema. "Ninyi mnashuka tangu mna miaka mitatu. Kosa lenu mnasahau kusimama."

Ndivyo tulivyofanya saa nzima. Shuka, salimia, heshima yote mpe. Lakini mguu wa nyuma uwe umekanyaga barabara, kiwiko kisiache mbavu. Akikamata na kuvuta, wewe uzito uko chini tayari, hakuvuti. Geuza kwenye gumba na wakati huohuo simama. Nguvu yote iko kwenye kusimama. Mzee Shigela amesalimiwa labda mara sitini. Mwishoni amesema wabeja, asanteni, mkono umekufa ganzi, anarudi getini kwake.

Kumi kwa kumi. Na sauti pia ilitoka, mara mbili.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Modesta amekuja fremuni kupunguza mikono ya nguo yake ya judo. Mikono haikuhitaji kupunguzwa, nimemshonea mwenyewe. Nikafunga nusu ya mlango, nikaendelea kukanyaga cherehani ili aongee bila kutazamwa.

Mwaka jana, tarehe thelathini na moja Mei, mwezi ulifungiwa kwake. Mwenyekiti alitangulia saa mbili kabla. Hakueleza zaidi na sikumdadisi. Alisema tu kwamba watu walipofika alikuwa ameshabadilisha nguo, akasalisha rozari mafungu yote bila kukosea, akashangaa mwenyewe. Anaishi na mtoto wake tu, mume yuko mgodini Geita. Na Oktoba, kwenye mwezi wa rozari, wa mwisho alikuwa Bibi Specioza. Nikaacha kukanyaga. Bibi Specioza? Ana miaka sitini na tisa!

Kumbe kila ratiba iko hivyo. Siku ya kufunga anapewa mwanamke anayeishi bila mwanamume. Mzee anatamka majina, katibu anaandika.

"Jina lako nimeliandika kwa mkono wangu," Modesta akasema. "Na nilijua."

Nilikasirika. Kwa dakika nzima nilitamani kumtoa nje na nguo yake. Halafu nikakumbuka ile "ndiyo baba" yangu ya Jumapili, nikaendelea kushona.

Nimemwomba tarehe thelathini na moja naye aje saa nane, tuwe wawili. Hakukubali, hakukataa. Anaogopa na ninaelewa kwa nini. Mtoto wake anapokea Komunyo ya kwanza mwakani, barua inatoka kwa mwenyekiti. Ukitengwa na jumuiya, hupati barua, ukiuguliwa haji mtu, ukifa unazikwa na wanaolipwa. Mimi nimezikiwa mume na watu hawa. Nawapenda. Hilo ndilo linaloniuma, siwezi kuwachukia wote ili nimkimbie mmoja.

Jumatano, 28 Mei 2025

Mama amepiga simu kutoka Muleba. Queen anapanda basi tarehe saba Juni. Amekua, mama anasema, ana adabu sana. Akampa simu, na mtoto akanieleza bibi amemfundisha kusalimia wakubwa vizuri, goti mpaka chini, mkono wa kushoto umeshika kiwiko. Akauliza je, atamsalimia na babu Revocatus?

Nikasema mtandao unakatakata. Nikakata.

Ijumaa, 30 Mei 2025

Viti. Nimeazima vya plastiki kumi na vinane kwa jirani, na kile kimoja cha chuma cha marehemu Deodatus, ambacho ukikisogeza kwenye saruji kinalia mpaka meno yanauma. Hicho nitampa Bibi Specioza, mgongo wake hautaki plastiki. Vyote nimevipanga uani, mbele ya nyumba. Watu watasalia nje, kweupe. Mapazia nimeyatoa, nimesema nayafua. Meza ya sanamu tu ndiyo iko sebuleni, maana bila hivyo watauliza maswali.

Nimempigia Modesta mara tatu. Mara ya nne ametuma meseji: nitajitahidi.

Mwalimu Rebeka amepita. Ni Mlutheri, rozari hataki, kesho ana wanafunzi wa mashindano huko Magu. Amenikamata mkono mara nne bila kuniambia. Nimetoka mara nne. Ya mwisho nilikuwa nimeshika sufuria.

Jumamosi, 31 Mei 2025

Saa sita na nusu mchana. Nimepika. Nimeoga. Mlango wa mbele wazi, wa jikoni wazi, madirisha wazi. Nimevaa gauni refu la kitenge, lakini nimelifungua mshono upande, mguu upate nafasi. Ndiyo mara ya kwanza nabomoa nguo kwa makusudi. Modesta bado.

Baadaye. Saa kumi na moja na nusu jioni. Niko chumbani, nimeambiwa nisubiri humu wakati wao wanakaa kikao uani. Mwandiko umekuwa wa chekechea. Niandike kabla hawajaniita.

Alikuja saa nane na dakika tano. Modesta hakuwepo. Nilikuwa nimesimama uani kati ya viti, kama nilivyopanga, nikamsalimia kwa mbali. Akavipita viti vyote, akaingia ndani kukagua meza. Akaita: Mama Queen, njoo unisaidie kuinua mshumaa. Nikasema ninaosha vikombe. Akasema je, nimwambie Paroko kwamba ulikuwa unaosha vikombe? Nikasogea mpaka kizingitini, si zaidi. Mgongo wangu upande wa nje. Akaja yeye. Akanyoosha mkono.

"Hata salamu ya heshima hunipi siku ya leo?"

Nikapiga goti. Nilimpa. Nilitaka nimpe heshima yake yote, asije akasema sikumpa. Shikamoo, Mzee. Mguu wa nyuma kwenye kizingiti, kiwiko mbavuni. Akaukamata mkono, na huo mwingine ukanijia kiunoni, akavuta kwenda ndani, na sikwenda. Alishangaa. Nilimwona usoni akishangaa kwamba kitu alichokivuta hakikuja. Akavuta tena kwa nguvu zote.

Nikageuza kwenye gumba na nikasimama.

Na sauti! Sijui ilitoka wapi. "Niachie mkono, Mzee Revocatus!" Muuza mchele wa barabarani aliisikia, amenieleza mwenyewe. Mkono ukatoka kama uzi kwenye sindano. Lakini yeye alikuwa bado anavuta, akajivuta mwenyewe, akaenda kinyumenyume juu ya meza. Chombo cha maua kimemwangukia usoni kikapasuka. Kitambaa nilichodarizi wiki mbili kina damu. Amechanika juu ya jicho, si sana, lakini kichwa kinatoa damu nyingi. Sikumpiga. Naandika hapa kwa sababu huko nje hakuna anayeliamini: sikumpiga.

Majirani wakaja. Yeye ameketi sakafuni ameshika kitambaa usoni, anasema kwa upole kabisa kwamba alinisalimia tu, na mtoto huyu amemrushia judo. Judo! Anajua kuhusu darasa. Sasa wote wanajua.

Saa kumi wakafika wengine na sanamu, wanaimba, Bibi Specioza akaenda kuketi nyuma kwenye kile kiti cha chuma. Modesta alikuwa mbele, ameibeba sanamu, daftari la kumbukumbu kwapani. Akaiona damu. Akanitazama, akaangalia chini. Nilingoja aseme chochote. Akaiweka sanamu mezani, akairudisha wima mishumaa iliyoanguka. Rozari tukasali, yote. Nilipiga magoti pembeni peke yangu, na kiti cha jirani yangu kikabaki wazi.

Sasa kikao. Dirisha liko wazi, nilifungua mwenyewe, nasikia kila kitu. Mzee Kahigwa, makamu, ndiye anayeendesha. Anasema katika miaka yake yote hajaona mwanamke anampiga mzazi wake siku ya kufunga mwezi wa Mama yetu. Wengine wanaitikia kwa miguno. Mama mmoja, sijui nani, anasema labda tumsikilize na yeye. Anaambiwa atasikilizwa wakati wake ukifika. Mzee Revocatus anakohoa. Anasema yeye amenisamehe, hana kinyongo, anaomba tu utaratibu ufuatwe.

Utaratibu ni barua. Kunisimamisha jumuiya mpaka niombe radhi mbele ya watu, kwa kupiga magoti. Mzee Kahigwa anamwambia katibu aandike, ataje tarehe na jina langu kamili.

Naisubiri kalamu ya Modesta. Hellen, mjane wa Deodatus. Ameshaliandika jina langu mara moja, la pili halitamshinda.

Mzee Kahigwa anarudia: katibu, andika.

Kiti kimesogea. Cha plastiki.

"Hiyo siandiki."

Ni Modesta. Si sauti yake ya jumuiyani. Mzee Kahigwa anauliza amesemaje. Anarudia, neno kwa neno, mpaka mbwa wa jirani amebweka. Anasema mwaka jana tarehe thelathini na moja Mei mwezi ulifungiwa kwake, na mwenyekiti alikuja saa nane. Anasema Mzee Revocatus. Analitaja jina lote. Mzee Revocatus anasema huyu mtoto ni mgonjwa, mkalisheni. Mzee Kahigwa anasema kaa chini katibu. Kaa chini. Mara ya tatu sasa anamwambia kaa chini, na sijasikia kiti.

Nimesimama. Nimeegemea dirisha, daftari juu ya ukingo wake. Namwona Modesta kwa mgongo tu. Mikono yake iko mbele. Wote wamemgeukia, hata watoto wa mtaa waliokuja kuchungulia. Naogopa watacheka. Naogopa mtu mmoja tu acheke, ataketi.

Kule nyuma, kile kiti cha chuma kimelia.